Sheria Isipolitaja Jina: Dawa Mpya za Kulevya na Dhamiri ya Mkristo

Katika semina za vijana, na siku hizi hata katika maandalizi ya Kipaimara, sisi mapadre tunaulizwa swali moja kwa sura mbalimbali: je, kitu ambacho sheria haijakipiga marufuku kinaweza kuwa dhambi? Wanaouliza hawana shida na heroini wala kokeini, kwa kuwa jibu lake wanalijua. Wanauliza kuhusu vidonge vya rangi na unga mweupe unaotangazwa mitandaoni kwa majina ya kupendeza, huku muuzaji akiapa kwamba ni halali na kwamba ni kama mirungi tu. Ni swali la haki, nalo halijibiwi kwa kukemea. Yatupasa kwanza tufahamu vitu hivyo ni nini, vimetoka wapi, na sheria ilivyohangaika navyo.

Tuanze na hayo ya mirungi, kwani mna ukweli kidogo ndani yake. Majani ya mirungi, ambayo ndugu zetu wa Kenya huyaita miraa, yana kemikali iitwayo kathinoni. Maabara ya Umoja wa Mataifa iliitenga kemikali hiyo kutoka majani mabichi mwaka 1975. Kathinoni haidumu. Jani likinyauka, sehemu kubwa yake hugeuka kuwa kemikali nyingine yenye nguvu ndogo zaidi, na ndiyo sababu mzigo wa miraa kutoka milima ya Nyambene, huko Meru, hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa barabarani usiku na mchana. Mtafunaji huipata kathinoni kidogo kidogo kwa saa nyingi, na uchovu wa mataya yake humwekea mpaka. Hatusemi hivyo kuitetea mirungi. Wenye familia zilizochoshwa na mume asiyelala wala kufanya kazi hawahitaji kuelezwa madhara yake.

Ila mkemia anaweza kuichukua kathinoni, akabadili kipande kimoja cha umbo lake, akapata kitu kipya chenye nguvu tofauti. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa jamii nzima ya kathinoni za maabara: mefedroni, metiloni, MDPV, alfa-PVP na nyingine nyingi. Mefedroni ilielezwa katika maandiko ya kikemia tangu mwaka 1929, ikasahaulika kwa miongo mingi, ikaibuka tena sokoni baada ya mwaka 2000. Hapa hakuna jani wala utafunaji. Kipimo ambacho mtafunaji angekipata kwa jioni nzima huingia mwilini kwa mkupuo mmoja, na baadhi ya dawa za jamii hii zina nguvu zaidi kuliko kathinoni yenyewe. Anayesema ni mirungi tu ni sawa na anayemwambia mgeni kwamba gongo ni ndizi tu.

Jamii ya pili ni mama wa hiyo ya kwanza. Amfetamini ilitengenezwa Berlin mwaka 1887 na mkemia wa Romania, Lazăr Edeleanu. Mwaka 1893, Nagai Nagayoshi wa Japani akatengeneza methamfetamini kutokana na efedrini, kemikali ya mmea ambao Wachina waliutumia kwa tiba tangu kale. Ukizichora amfetamini na kathinoni karatasini, utaona zinapishana karibu kwa chembe moja tu ya oksijeni. Zote ni vichangamshi: huufanya ubongo umwage kwa wingi dopamini na noradrenalini, vile vijumbe vya mwili vinavyotupa hamu, bidii na ujasiri. Njaa hutoweka, usingizi hukimbia, moyo hupiga kwa kasi, na mtu hujiona ana uwezo wa watu watatu. Deni hulipwa baadaye, kwa wengine kwa hofu na kusikia sauti zisizokuwapo.

Jamii ya tatu inatugusa zaidi sisi wachungaji. Wataalamu huziita empathojeni, yaani dawa zinazozaa hisia ya kumkaribia mwenzako na kumhurumia. Mkubwa wao ni MDMA, inayofahamika mitaani kama ekstasi. Kampuni ya Merck ya Ujerumani iliitengeneza mwaka 1912, ikiwa njiani kutafuta dawa ya kuzuia damu isivuje, wala haikujali sana kilichopatikana. Miaka ya 1970 Alexander Shulgin, mkemia wa California, aliitengeneza upya na kuwajulisha baadhi ya watabibu wa nafsi, na kutoka vyumba vya ushauri ikaingia kumbi za dansi. MDMA humwaga hasa serotonini. Kwa saa chache mtu huhisi kwamba kuta zote kati yake na wengine zimeanguka, na anaweza kumkumbatia asiyemjua na kumwambia siri ambazo hakuwahi kumwambia mama yake. Kisha akiba ya serotonini hupungua, na siku mbili tatu baadaye wengi hushukiwa na huzuni wasiyojua imetoka wapi.

Hapa tusipite haraka. Kijana anapotueleza kwamba usiku ule alihisi kupendwa kwa mara ya kwanza maishani, hadanganyi kuhusu alichokihisi. Kiu aliyonayo ni ya kweli, nayo Mungu mwenyewe ndiye aliyeiweka ndani yake. Kilicho cha uongo ni jibu alilopewa, kwa sababu upendo ule haukumjua mtu yeyote: angemkumbatia yeyote aliyesimama mbele yake, na kesho yake asingemkumbuka. Upendo wa Kikristo huanzia kwenye uso na jina la mtu, tena hudumu siku ambayo hatujisikii kupenda. Lakini tukimwambia hayo kijana ambaye katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya mtaani kwake hakuna anayejua hata jina lake, tutakuwa tumesema kweli na bado hatujamsaidia.

Zipo jamii nyingine, kama piperazini, ambazo New Zealand iliziacha ziuzwe madukani hadi mwaka 2008. Hatutazitaja zote. Hadi mwisho wa mwaka 2023, taasisi ya Umoja wa Ulaya inayofuatilia dawa za kulevya ilikuwa inazifuatilia dawa mpya zaidi ya 950 za kila aina, na wingi huo una sababu yake.

Sababu ni kwamba sheria nyingi za dawa za kulevya huandikwa kwa orodha ya majina. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili una majedwali manne. MDMA na kathinoni ziliingizwa katika jedwali la kwanza mwaka 1986, na mefedroni katika la pili mwaka 2015. Mmea wa mirungi wenyewe haumo. Kila nchi imeachiwa uamuzi wake. Basi mtengenezaji akiona jina limeandikwa, hubadili kipande cha kemikali, na jina halipo tena. Uingereza mefedroni iliuzwa wazi kama mbolea ya mimea, pakiti ikiwa na onyo kwamba si kwa matumizi ya binadamu, wakati muuzaji na mnunuzi wote walijua inakwenda puani. Ilipopigwa marufuku Aprili 2010, nafironi ikachukua nafasi yake, nayo ikapigwa marufuku Julai mwaka huo huo. Marekani ilikwisha jaribu njia nyingine tangu mwaka 1986, kwa sheria inayoziadhibu hata dawa zinazofanana na zilizokatazwa. Uingereza hatimaye, Mei 2016, ikakataza biashara ya kila kitu kinachoathiri akili, kisha ikabidi iorodheshe visivyohusika: pombe, tumbaku, kahawa na vyakula.

Kisa cha Ireland ndicho kinachofundisha zaidi. Machi 10, 2015, siku ya Jumanne, Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo iliamua kwamba utaratibu ambao serikali ilitumia kuongeza dawa kwenye orodha ulikiuka katiba. Kwa hukumu hiyo, dawa zaidi ya mia moja, ekstasi ikiwemo, zikawa si kosa kumilikiwa hadi Bunge lilipopitisha sheria ya dharura iliyoanza kazi Alhamisi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile. Sasa tujiulize: Mkatoliki wa Dublin aliyemeza kidonge Jumatano ile, je, alikuwa hana dhambi kwa kuwa mahakama ilikuwa imefungua mlango kwa siku moja? Kidonge kilikuwa kile kile, na mwili uliokipokea ulikuwa ule ule.

Nasi tuna Jumatano yetu, tena ya kudumu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya inaihesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya. Ng'ambo ya mpaka, Kenya inaitambua miraa kisheria kama zao la kilimo tangu mwaka 2016. Uingereza, iliyokuwa soko kubwa la wakulima wa Meru, iliifunga milango yake Juni 2014. Jani moja, sheria tatu. Anayevuka Namanga hubadili sheria kwa hatua chache, na Mkristo ana wajibu wa kuitii sheria ya haki ya mahali alipo. Ila dhamiri haiachwi mpakani pamoja na fomu za uhamiaji.

Mtume Paulo alikutana na hoja hiyo hiyo huko Korintho. Walikuwapo waliojivunia kwamba wao yote ni ruhusa kwao. Katika sura ya sita ya barua yake ya kwanza hakubishana nao juu ya orodha ya vilivyokatazwa. Aliuliza kama kitu hicho kina faida, na kama hakitamtawala mtu. Kisha akawakumbusha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inafuata njia hiyo. Haitaji kemikali hata moja. Inatazama madhara makubwa kwa afya na uhai wa binadamu, inayahesabu matumizi yasiyo ya tiba kuwa kosa zito, na inawashutumu kwa ukali watengenezaji wa siri na wafanyabiashara wake. Kwa hiyo mkemia anayebadili chembe moja aweza kumkwepa hakimu, lakini hapo hajabadili chochote. Baba Mtakatifu Fransisko, akizungumza Roma Juni 2014 na maofisa wa kimataifa wa kupambana na dawa za kulevya, alikataa pia wazo la kuhalalisha zile zinazoitwa nyepesi.

Neno tiba lina uzito wake. Tangu Julai 2023 Australia inawaruhusu madaktari wa akili wenye kibali kutumia MDMA kwa wagonjwa walioumizwa na mambo ya kutisha waliyoyapitia; Marekani ilikataa ombi la namna hiyo Agosti 2024. Kanisa halina ugomvi na utafiti wa kweli wa kitabibu. Kidonge cha ukumbini si utafiti. Wala anayekimeza hajui amemeza nini, maana wakati mwingine kinachouzwa kama ekstasi kimechanganywa na PMA, inayochelewa kufanya kazi. Mtu hudhani hakijamshika, akaongeza cha pili, na huyo ndiye anayekufa.

Wazazi wajue hili. Hatari ya karibu ni joto la mwili kupanda kupita kiasi. Kijana akionekana anachemka, amechanganyikiwa au anatetemeka, apelekwe penye hewa, apunguziwe nguo, apoozwe kwa maji mwilini, na akimbizwe hospitali. Asishindiliwe maji ya kunywa lita kwa lita, kwa sababu MDMA huzuia mwili kuyatoa, chumvi ya damu ikapungua na ubongo ukavimba. Na daktari aambiwe kweli yote. Aibu ya familia imeua wengine waliokuwa wa kupona. Kuhusu matibabu ya muda mrefu, mraibu wa heroini aweza kupewa methadoni, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011. Kwa vichangamshi hakuna bado dawa mbadala ya namna hiyo. Kinachosaidia ni ushauri wa wataalamu na watu wa kuandamana na mgonjwa kwa miezi mingi, kazi ambayo jumuiya zetu zinaweza kuibeba zikitaka.

Wengine hawaji kuungama kwa kuogopa kwamba habari zitafika polisi. Siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote. Kanuni 983 ya Sheria za Kanisa haimwachii padre mwanya. Kosa likiwa zito kwa lenyewe, hatia ya mtu bado hupimwa kwa ujuzi na hiari yake, na uraibu hupunguza hiari hiyo, wakati mwingine sana. Aje mara ya tatu, aje mara ya kumi. Muuzaji naye anakaribishwa, ila kwake hatuwezi kutamka maondoleo kabla hajaamua kuiacha biashara hiyo, na akiuliza afanyeje na fedha aliyokwisha ipata, ajiandae kukaa nasi kwa muda mrefu zaidi.