Wosia wa Bibi wa Al-Hijr

Ni nani kwetu pwani asiyejua kisa cha Nabii Saleh na ngamia wake? Mahujaji wa zamani, wakitoka Sham kwenda Madina, walipita Al-Hijr wakaona milango mirefu iliyochongwa majabalini. Wengi walisema: hizi ndizo nyumba za Thamudi.

Lakini maandishi yaliyo juu ya milango hiyo yasema vingine. Hayo ni makaburi ya Wanabati, watu wa Petra, yaliyochongwa yapata miaka 2,000 iliyopita. Ya fahari yapita 100.

Moja ni la mwanamke, Hinat binti Wahbu, nalo ni la mwaka 60 au 61 baada ya Nabii Isa. Bibi huyo aliagiza liwe lake na kizazi chake milele. Lisiuzwe wala lisiwekwe rehani. Sisi tungelifananisha na wakfu. Wataalamu wa Saudia na Ufaransa walipolichimba walikuta mifupa ya watu wengi, vipande vya sanda za nguo na ngozi, na tende zilizotungwa kama mkufu.

Kisa cha Thamudi hakikupungua neno. Ila mlango uliodhaniwa wao umepata mwenyewe, na wosia wake wasomeka hadi leo.