Ruvuma Haikugawa Damu

Ukisimama kivukoni Kilambo, upande wa Tanzania, ng'ambo ya mto Ruvuma ni Msumbiji. Mpaka huo waliuweka Wajerumani na Wareno mwaka 1886, Wamakonde wakajikuta pande zote mbili. Waliovuka baadaye kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge wakaitwa Wamawia, wakatajwa kama kabila jingine. Lahaja zinatofautiana, kweli, lakini akina bibi wa kusini na wa kaskazini walivaa ndonya ileile kwenye mdomo wa juu. Jina hilo walipewa na wengine. Na mbari, yaani kule kuwagawa binadamu kwa rangi, ilijengwa hivyohivyo: mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus aliwapanga watu mafungu manne kwa mabara, kila fungu akalipa rangi yake na hata tabia yake.

Mwaka 1972 mtaalamu wa vinasaba Richard Lewontin alichambua tofauti za makundi na protini za damu za watu wa dunia nzima. Takribani asilimia 85 ya tofauti hizo alizikuta ndani ya jamii mojamoja; baina ya mbari zilikuwa kama asilimia 6 tu. Mwanasayansi mwenzake, A.W.F. Edwards, alimpinga mwaka 2003: ukisoma vinasaba vingi kwa pamoja, utaweza kukisia asili ya mtu. Hoja hiyo ni ya kweli, nami naikubali. Ila kukisia mtu ametoka wapi si kuthibitisha kwamba dunia ina mafungu manne, au matano, au kumi. Idadi anaichagua mwenye kukata. Utafiti wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani, yakiwemo ya Kilwa na Lindi, uliotoka mwaka 2023, uliwakuta watu wengi wakiwa na asili ya Afrika, hasa upande wa mama, pamoja na ya Uajemi. Hao utawaweka fungu lipi?

Wapo watakaosema daktari anaihitaji mbari, maana selimundu ni ugonjwa wa Waafrika. Sivyo. Kinasaba chake kimefuata malaria, hakikufuata rangi: kipo Ugiriki, Arabuni na India, na ni nadra kwa Waxhosa wa Afrika Kusini. Kwenye pwani yetu yenye mbu, familia yoyote inaweza kuwa nacho. Basi mzazi wa Kilambo, usikubali mtoto akisiwe kwa sura wala kwa kabila. Omba apimwe damu.