Deki Iliyoikataa CD ya Bibi

Palikuwa na bibi mmoja, mjini Tanga, aliyetunza CD moja kabatini pamoja na kanga zake za thamani. Ilikuwa na picha za harusi ya bintiye wa kwanza na, kubwa kuliko yote, sauti ya marehemu mumewe akimpa binti mawaidha ya ndoa. Siku moja wajukuu wakaitia kwenye kompyuta ya mezani. Deki ikaivuta, ikaizungusha, ikanguruma weee, kisha ikaitema.

"Bibi, CD yako imekufa," akasema mjukuu wa kiume.

Dada yake hakukubali. Akatia DVD ya katuni, ikacheza vizuri.

"Si unaona? Deki haina ubaya!" kaka akang'ang'ania.

Msichana akaleta CD nyingine ya muziki, safi, isiyo na mkwaruzo. Ikatemwa. Akaleta ya tatu. Nayo ikatemwa.

Hapo tusimame kidogo, wanangu, maana msichana ameshika jambo linalowapita hata wakubwa. Deki inawezaje kusoma DVD ikashindwa na CD?

Deki husoma kwa mwanga. Ndani yake mna leza, mwanga mwembamba unaopita kwenye lenzi ndogo na kuimulika CD kutoka chini. Data zimepangwa katika mstari mmoja unaoanza karibu na tundu la katikati na kuzunguka kuelekea ukingoni, kama ukili unavyoshonwa kuwa kawa. Ukiunyoosha mstari huo, unapita kilomita 5! Gawa milimita moja mara elfu, uchukue kipande kimoja na nusu hivi: huo ndio umbali kati ya mzunguko na mzunguko wa CD. Mizunguko ya DVD imebanana zaidi, kiasi cha nusu ya hapo. Hiyo ni sababu mojawapo ya CD kubeba megabaiti 700 na DVD ya kawaida gigabaiti 4.7, ingawa zote zina upana wa sentimita 12.

Sasa, mistari iliyobanana huhitaji mwanga wa aina nyingine. DVD husomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650. CD kwa leza ya nanomita 780, ambayo jicho letu ni kama haliioni. Kwa hiyo deki nyingi za DVD zina leza mbili, na moja ikichoka nyingine huendelea na kazi. CD ya bibi ilikuwa nzima. Iliyozimika ni leza ya CD ndani ya deki.

Wakajaribu kusafisha lenzi, haikusaidia. Bibi akatoa pesa, ikanunuliwa deki mpya ya kuchomea, yaani inayoandika CD pia. Deki tu, si kompyuta. Huniuma kuona mashine nzima ikitupwa kwa kosa la kiungo kimoja.

"Mtaiweza, wajukuu zangu?"

"Tutaiweza, bibi. Kwanza tuchomoe waya ukutani."

Wakagusa chuma cha boksi la kompyuta ili umeme tuli wa mwilini uishie hapo. Wakafungua ubavu. Nyuma ya deki palikuwa na waya mbili bapa: pana ya umeme, nyembamba ya data. Vichwa vyake vina kona upande mmoja, kwa hiyo haviingii kinyume, na kisichoingia hakilazimishwi. Skrubu nne zikatoka kwa bisibisi, deki ikasukumwa ikatokea kwa mbele. Mpya ikaingia kwa njia ileile. Kaka alitamani kuifungua ile ya zamani aiwashe aone leza. Dada akamkataza, na alikuwa na haki: mwanga ule huumiza jicho hata usipoonekana.

Kompyuta ilipowaka iliitambua deki yenyewe. CD ikaingia, na babu akasikika akikohoa kidogo kabla ya kuanza mawaidha.

Wakainakili kwenye kompyuta, kisha wakatia CD tupu ili wachome nakala. CD tupu ina tabaka la rangi maalumu. Leza ya kuchomea ina nguvu kuliko ya kusomea. Huiunguza rangi ile na kuacha madoa madogo mno, na deki huyasoma madoa hayo kama inavyosoma vishimo vya CD zilizopigwa kiwandani. Rangi hiyo huharibiwa na jua. Giza la kabati la bibi, wanangu, lilifanya kazi kubwa miaka yote ile.

Bibi akachukua peni aandike juu yake.

"Hapana, bibi, si peni!" Kwenye CD, data ziko juu kabisa, chini tu ya lebo, plastiki yote nene iko upande wa pili. Ncha ngumu ikikwaruza lebo, huondoka na data. Wakaandika kwa kalamu laini ya wino jina la binti na mwaka wa harusi. Bibi akaagiza nyingine mbili: moja ya mwenye harusi mwenyewe, moja ya shangazi yao aliye Pemba.