Namba tasa: Kufuli la fedha zako kwenye intaneti

MKULIMA mwenye miche 12 anaweza kuipanda katika mistari mitatu ya miche minne minne, au mistari miwili ya miche sita sita. Akiongeza mche mmoja ikawa 13, hawezi tena kuigawa katika mistari kadhaa iliyo sawa. Atapanda mstari mmoja mrefu, la sivyo kila mche utakaa peke yake. Namba kama 13, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, huitwa namba tasa.

Wengi walijifunza habari hizi shuleni wakazisahau. Hata hivyo, namba tasa kubwa zinatumika kulinda malipo mengi yanayopita kwenye intaneti.

Siri yake ni nini?

Kuzidisha ni rahisi, lakini kurudi ulikotoka ni kazi. Chukua kikokotoo uzidishe 89 kwa 97, utapata 8,633. Kisha mpe mwenzako hiyo 8,633 atafute namba mbili tasa zilizoizaa. Itambidi ajaribu moja baada ya nyingine.

Mwaka 1977 wataalamu watatu nchini Marekani, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walitumia ugumu huo kuunda kufuli linaloitwa RSA. Jibu la kuzidisha hutangazwa, na yeyote anaweza kulitumia kufunga ujumbe. Kuufungua kunahitaji zile namba mbili tasa, ambazo mwenyewe huzificha.

Mwaka huohuo walitoa namba ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100 kwa atakayefumbua fumbo lake. Ilivunjwa mwaka 1994, kwa nguvu za watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao. Mwaka 2020 ikavunjwa ya tarakimu 250. Ndiyo maana kufuli la RSA linalotumika sana leo lina tarakimu 617.

Ukubwa pekee hautoshi

Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejulikana. Unaipata kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe hadi ziwe 2 zipatazo 136,279,841, kisha unatoa moja. Lakini haifai kwa kufuli, kwa kuwa dunia nzima inaijua. Ufunguo unaojulikana na kila mtu haulindi ghala.

Mfanyabiashara azingatie nini?

Anuani ya tovuti inayoanza na https inaonyesha kuwa mawasiliano yamefungwa njiani. Haithibitishi kuwa mwenye tovuti ni mwaminifu, kwani hata tapeli anaweza kuwa nayo. Kagua jina la tovuti herufi kwa herufi kabla ya kulipa. Namba ya siri usimpe mtu, hata akidai anatoka benki. Mwizi haangaiki na tarakimu 617 ikiwa wewe mwenyewe utamtajia nne.