Pasipoti ya Jina la Baba, Tiketi ya Jina la Mume

Mwanamke aliyeolewa akijiandaa kusafiri nje ya nchi huweza kugundua kwamba hati zake zina majina mawili. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kadi ya chanjo vina jina alilopewa na baba yake. Kitambulisho cha Taifa, kadi ya benki na pengine tiketi ya ndege vina jina la mumewe. Nyumbani hilo halimpi tabu, kwa kuwa jirani, mwajiri na karani wa benki wanamfahamu. Uwanja wa ndege wa ugenini hakuna anayemfahamu, na kinachomtambulisha ni maandishi peke yake. Kuwa na majina mawili si kosa la kisheria. Tabu huanza majina hayo yanapokutana katika safari moja bila karatasi ya kuyaunganisha.

Desturi mbili za majina

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, mtu hubeba jina lake, la baba na la babu, na mke hubaki binti wa baba yake maisha yake yote. Mafundisho ya Kiislamu yanasisitiza mtu anasibishwe na baba yake mzazi, hivyo ndoa haigusi jina. Rais wa Tanzania, Samia Suluhu Hassan, ambaye ni mzaliwa wa Zanzibar, aliolewa na Hafidh Ameir mwaka 1978, lakini jina lake ni la baba yake hadi leo. Oman na nchi nyingine za Ghuba zinafuata utaratibu huohuo. Rwanda na Burundi nako, kwa mila, kila mtoto hupewa jina lake, na hata ndugu wa baba mmoja huweza wasichangie jina.

Bara, hasa miongoni mwa Wakristo wa Tanzania, Kenya na Uganda, ilizoeleka mke kuchukua jina la mume. Desturi hiyo iliingia pamoja na misheni na utawala wa Waingereza. Ni mazoea tu, kwani sheria za ndoa za Tanzania na Kenya hazimlazimishi mwanamke kubadili jina. Anayelibadili hufanya hivyo kwa hiari, na asiyelibadili ni mke halali kama mwenzake.

Jina likishaingia kwenye kazi ya mtu, kulitoa si rahisi. Mwanamazingira wa Kenya, Wangari Maathai, alizaliwa Wangari Muta, akaolewa na Mwangi Mathai na kutumia jina lake. Ndoa ilipovunjika mwaka 1979, mtalaka wake alidai aliache jina hilo. Wakati huo alikwisha kuwa msomi mwenye shahada ya uzamivu na mhadhiri wa chuo kikuu. Aliongeza herufi moja, Mathai likawa Maathai, na ndilo jina lililotangazwa alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Nchi anazokwenda msafiri nazo zina taratibu zao. Ufaransa ina sheria ya mwaka 1794 inayomtaka raia abaki na jina la cheti chake cha kuzaliwa. Jina la mume huruhusiwa kama jina la matumizi tu na huandikwa pembeni. Jimbo la Quebec nchini Kanada linamtaka mke atumie jina lake la kuzaliwa katika mambo ya kisheria tangu 1981, na Ugiriki ikaweka sheria ya namna hiyo mwaka 1983. Japani imeelekea upande wa pili kabisa: kifungu cha 750 cha sheria yake ya madai kinawataka mume na mke wawe na jina moja la ukoo. Karani mmoja atashangaa kuona mke ana jina tofauti na la mumewe, na mwingine atashangaa kuona yanafanana.

Mashine inasoma nini

Chini ya ukurasa wa pasipoti wenye picha kuna mistari miwili ya herufi kubwa, tarakimu na alama za mshale. Kila mstari una nafasi 44. Mpangilio huo uliwekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika waraka wake namba 9303, ndiyo maana pasipoti iliyotolewa Dodoma au Nairobi husomeka Tokyo bila mkalimani. Katika mstari wa kwanza, nafasi 39 zimetengewa jina. Hutangulia jina la ukoo, zikafuata alama mbili za mshale, kisha majina mengine.

Tuchukue mwanamke wa kubuni anayeitwa Neema Elias Mushi. Katika mstari huo ataandikwa MUSHI<<NEEMA<ELIAS. Akiolewa na Daudi Shayo na kubadili pasipoti kwa desturi ya bara, atakuwa SHAYO<<NEEMA<DAUDI. Kwa shangazi yake ni Neema yuleyule. Kwa mashine, kati ya maneno matatu limebaki moja, na jina la ukoo, ambalo ndilo hutafutwa kwanza, limebadilika.

Mashine hiyo pia haijui ritifaa wala kistari. Ng'ang'a huandikwa NGANGA. Mwanamke aliyeunganisha majina yote mawili, Mushi-Shayo, ataona kistari kimegeuka mshale: MUSHI<SHAYO. Kwenye tiketi huenda majina hayo yakaandikwa yameshikana, MUSHISHAYO. Hilo ni zao la mitambo, na maofisa wamelizoea. Tofauti inayomsimamisha abiria ni ile ya jina zima.

Tiketi hufuata pasipoti

Kanuni ya kwanza ya safari ni kwamba tiketi hukatwa kwa jina lililo kwenye pasipoti itakayotumika siku hiyo, hata kama mwenyewe anajulikana kwa jina jingine kazini, kanisani au mtaani. Kuolewa peke yake hakubatilishi pasipoti. Pasipoti za Tanzania na Kenya hutolewa kwa miaka 10, na aliyeolewa katika mwaka wa tatu anaweza kuendelea kusafiri kwa jina la baba yake hadi hati iishe muda, mradi tiketi na viza ziwe kwa jina hilohilo.

Kosa la kawaida hutokea wakati wa fungate. Bwana harusi hukata tiketi mbili kwa jina lake la ukoo, akiamini baada ya harusi mkewe ni Bi Shayo. Asubuhi ya safari, mhudumu wa kaunta anapitisha pasipoti kwenye mashine, skrini inaonyesha Mushi, tiketi inasema Shayo, na kadi ya kupandia ndege haitoki. Mashirika mengi ya ndege hurekebisha herufi moja au mbili bila matata. Kubadili jina zima la ukoo ni jambo jingine: huweza kudai cheti cha ndoa, malipo ya ziada, au tiketi mpya kabisa. Marekebisho hayo ni rahisi zaidi yakifanywa siku kadhaa kabla ya safari.

Ukali wa mhudumu una sababu. Shirika linalomfikisha ugenini abiria asiyekubalika hutakiwa kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini pia. Aidha, taarifa za abiria hutumwa nchi aendako kabla hajafika. Kwa safari za Marekani, jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia hulinganishwa na orodha za usalama kabla abiria hajaruhusiwa kupanda ndege.

Viza na fomu

Fomu za viza huuliza waziwazi kuhusu jina la zamani. Fomu ya viza ya Schengen, inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya, inataka jina la ukoo katika kipengele cha kwanza na jina la ukoo la kuzaliwa katika kipengele cha pili. Fomu ya DS-160 ya Marekani inauliza kama mwombaji amewahi kutumia majina mengine, likiwemo la kabla ya ndoa. Jibu la kweli halipunguzi nafasi ya kupata viza. Kutolitaja jina la zamani ndiko kunakozua maswali, kwa sababu alama za vidole za safari iliyopita zimehifadhiwa chini ya jina hilo.

Mwenye viza hai katika pasipoti ya zamani hulazimika kuwa mwangalifu zaidi. Marekani hukubali viza ambayo haijaisha muda hata kama pasipoti ilimobandikwa imekwisha, ikionyeshwa pamoja na pasipoti mpya. Lakini jina likiwa limebadilika kwa ndoa au talaka, serikali ya nchi hiyo inashauri kuomba viza mpya. Viza za kielektroniki zina sharti jingine, kwani hufungwa kwenye namba ya pasipoti. Anayebadili pasipoti baada ya kupata viza ya namna hiyo hana budi kuwajulisha walioitoa, la sivyo namba mpya haitaonekana kwenye mfumo.

Wenye uraia wa nchi mbili, jambo ambalo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu, wana kazi ya kuoanisha pasipoti mbili. Uingereza hutaka jina la pasipoti yake lilingane na la pasipoti ya nchi nyingine. Mkenya mwenye uraia wa Uingereza anayetaka jina la mume hulazimika kulibadili kote.

Karatasi ya kuunganisha

Kati ya jina la baba na jina la mume, kiungo ni cheti cha ndoa kilichosajiliwa serikalini. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa za kiserikali, za kidini na za kimila. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Lakini ndoa kutambuliwa ni jambo moja na kuwa na cheti kinachokubalika ubalozini ni jingine. Karatasi ya kumbukumbu iliyotolewa kanisani au msikitini haitoshi ikiwa ndoa haikuingizwa kwenye daftari la Serikali. Kwa Tanzania Bara daftari hilo liko kwa wakala wa usajili wa Serikali, RITA, na Zanzibar liko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Panapokosekana cheti, au majina yanapotofautiana kwa sababu isiyo ndoa, hutumika hati ya kiapo inayotamka kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Anayetaka kuliacha kabisa jina la awali huandikisha kwa Msajili hati ya kisheria ya kubadili jina. Kwa matumizi ya nje, nakala za vyeti huthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Anayehamia Falme za Kiarabu na mumewe, kwa mfano, hupitisha cheti cha ndoa wizarani nyumbani, kisha ubalozi wa Falme hizo, na mwisho wizara ya huko. Ikiwa cheti kimeandikwa kwa Kiswahili, tafsiri iliyothibitishwa huambatanishwa.

Hati zinazodumu kuliko jina

Kuna hati ambazo ndoa haizifikii. Cheti cha Baraza la Mitihani kina jina alilofanyia mtihani mwanafunzi, na mama anayekwenda kusoma ng'ambo huambatanisha cheti cha ndoa ili chuo kijue kwamba Mushi aliyefaulu kidato cha sita ndiye Shayo anayeomba nafasi.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano nayo, tangu 11 Julai 2016, hudumu maisha yote ya mwenyewe. Aliyechanjwa akiwa binti atakuwa na kadi ya jina la baba yake hata uzeeni. Haifai kufuta jina na kuandika jipya juu yake, kwani maelezo ya kadi yenyewe yanasema marekebisho au ufutaji unaweza kuibatilisha. Njia salama ni kwenda kwenye ofisi ya afya inayotoa kadi hizo na cheti cha ndoa, au kusafiri na cheti hicho kikiwa pamoja na kadi.

Watoto huhitaji uangalifu wa pekee. Mama mwenye pasipoti ya jina la baba yake, akiongozana na watoto wenye jina la mume, huweza kuulizwa kama ni wake. Hofu ni usafirishaji haramu wa watoto. Ndiyo iliyoifanya Afrika Kusini mwaka 2015 idai cheti kamili cha kuzaliwa kwa kila mtoto, sharti ililolilegeza baadaye kwa wageni. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kina jina la mama kama lilivyokuwa siku ya usajili. Mama aliyebadili jina baada ya hapo hubeba cheti cha ndoa pia, na baba asipokuwepo, barua yake ya idhini.

Anayeamua kubadili

Kwa anayetaka hati zote ziwe na jina la ndoa, mpangilio una maana. Huanza cheti cha ndoa. Hufuata kitambulisho cha Taifa, kwa kuwa maombi ya pasipoti, Tanzania na Kenya, hutegemea namba na taarifa za kitambulisho. Kisha pasipoti, halafu benki, bima ya safari na kadi za uanachama wa mashirika ya ndege. Mwenye safari iliyokwisha kulipiwa huimaliza kwanza kwa jina la zamani, ndipo aanze mabadiliko. Wakenya wanaovuka kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha Taifa tu, utaratibu ulioanza 2014, nao hukaguliwa kwa jina la kitambulisho hicho.

Njia hiyohiyo hupitwa kinyumenyume na mtalaka anayerudia jina la baba yake: hati ya talaka ndiyo huchukua nafasi ya cheti cha ndoa katika kuonyesha jina lilikotoka na liliko sasa. Mjane huweza kubaki na jina la marehemu mumewe, na pasipoti yake haibadiliki. Katika hali zote hizo, hati ya zamani na cheti kinachoeleza badiliko huhifadhiwa pamoja, kwa sababu viza, chanjo na shahada za miaka iliyopita zitaendelea kubeba jina la awali.