Televisheni Katika Chumba cha Mgonjwa

Tunaendelea na masomo yetu juu ya kumwuguza mgonjwa nyumbani. Juma lililopita tulizungumza juu ya uji na maji ya kunywa. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho hakikuwamo katika nyumba za babu zetu, lakini siku hizi kimeingia hata chumbani kwa mgonjwa. Kitu hicho ni televisheni. Wengine huiita runinga, na vijana husema tivii. Ni kitu kimoja.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: SAUTI, RIMOTI, UTULIVU. Nanyi wanafunzi yaandikeni katika madaftari yenu, maana tutakutana nayo njiani.

Nitaanza na habari ya kwetu. Miaka michache iliyopita shangazi yangu alipasuliwa tumbo. Aliporudi nyumbani tukamtandikia kitanda sebuleni, ili wageni wapate nafasi ya kumwona. Televisheni ilikuwa papo hapo, karibu na miguu yake. Tukasema vema, haitamjia upweke. Asubuhi ikawa habari za vita na ajali. Mchana ikawa muziki wa vijana. Jioni ikawa mpira. Wageni waliokuja kumpa pole walivuta viti, wakatazama mpira mpaka mwisho, na kila mpira ulipokaribia goli waliruka na kupiga kelele. Shangazi alikuwa amefumba macho. Sote tukadhani amelala.

Usiku wa siku ya pili akanishika mkono, akaniambia polepole, "Mwanangu, nizimieni hicho kitu, au nirudisheni hospitali."

Niliona haya. Mimi ni afisa elimu, nina diploma ya chuo kikuu, nami nilikaa chumbani mle siku mbili bila kumwuliza mgonjwa kama anapenda kile tulichomwekea.

Fikiri kidogo, ndugu msikilizaji. Mtu mwenye afya akichoshwa na kipindi huinuka akaenda barazani. Mgonjwa haendi popote. Mshindo wowote unaotoka katika sanduku lile humkuta pale pale kitandani. Ndiyo sababu kipindi kisichomdhuru mzima huweza kumchosha sana mgonjwa, hata kumdhuru.

Pengine utasema ninatia chumvi. Basi sikiliza habari hii ya mpira. Mwaka 2006 michezo ya Kombe la Dunia ilichezwa Ujerumani. Madaktari wa mji wa Munich walihesabu watu wa sehemu zile waliopatwa na shida ya ghafula ya moyo. Siku ambazo Ujerumani yenyewe ilicheza, hesabu hiyo ilipanda ikawa zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida. Wengi walipatwa katika saa mbili za kwanza tangu mchezo kuanza. Na walioathirika zaidi ni wale ambao tangu zamani walikuwa na ugonjwa wa moyo. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2008 katika jarida kubwa la madaktari la Marekani.

Sasa, wewe uliye na baba mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, naye ni mtu wa Simba au wa Yanga damu damu, ufanye nini siku timu hizo zikikutana? Sisemi umfiche rimoti. Mzee akinyimwa mchezo atakasirika, na hasira nayo haimfai. Lakini hakikisha amekunywa dawa zake saa zake. Keti karibu naye. Usimlete jirani wa timu ya pili aje kumchokoza. Na akianza kushika kifua, au kuhema kwa shida, au kutoka jasho jingi la baridi, acheni mpira, mpelekeni hospitali mara moja. Msingoje matokeo.

Habari za dunia nazo zina saa zake. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa unaenea, Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wapunguze kutazama habari zinazowatia wasiwasi, na wazitafute mara moja au mbili tu kwa siku. Kama shauri hilo lilimfaa mtu mzima, je, yule aliyelala na homa?

Haya. Tumeona yasiyofaa. Sasa kinachofaa ni kipi?

Wengi watajibu upesi kwamba ni vichekesho. Kuna bwana mmoja Mmarekani, jina lake Norman Cousins, aliyekuwa mhariri wa gazeti. Mwaka 1964 alirudi nyumbani kutoka safari ya Moscow akashikwa na maradhi mabaya ya viungo, hata kugeuka kitandani ikawa taabu. Kwa kupatana na daktari wake, akaletewa mashine ya sinema na filamu za kuchekesha. Baadhi yake zilikuwa za kipindi cha televisheni cha kwao kiitwacho Candid Camera, ambacho watu hufanyiwa mzaha huku kamera imefichwa. Akaona kwamba akicheka dakika 10 kicheko cha kweli cha kutoka tumboni, alipata saa mbili za usingizi bila maumivu. Mwaka 1976 akayaandika mambo hayo katika jarida la madaktari, na mwaka 1979 akayatoa katika kitabu. Aliishi mpaka mwaka 1990.

Lakini tusiichukue habari hii kwa pupa. Bwana huyo alitumia pia vitamini C kwa wingi, na maradhi mengine hupungua yenyewe kwa wakati wake. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, wala hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba kicheko ndicho kilichomponya. Mtu akikuambia uache dawa za hospitali ukacheke, usimsikilize. Ninalolichukua mimi katika habari hii ni ule usingizi wa saa mbili. Kwa mtu mwenye maumivu, saa mbili ni nyingi.

Na vichekesho vyenyewe havimfai kila mgonjwa. Siku ya tatu, baada ya kuomba radhi, tulimwekea shangazi kipindi cha kuchekesha. Akacheka mara moja tu, kisha akashika tumbo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Tulikuwa tumesahau nyuzi! Mtu aliyeshonwa tumbo kicheko humvuta jeraha. Kadhalika mwenye kichefuchefu usimwonyeshe kipindi cha mapishi, hata kama mpishi ni hodari namna gani.

Sasa tuje kwenye neno letu la tatu, UTULIVU. Mwaka 1984 mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Ulrich, aliandika habari za wagonjwa 46 wa hospitali moja katika jimbo la Pennsylvania. Wote walikuwa wamepasuliwa na kutolewa mfuko wa nyongo. Nusu yao, yaani 23, dirisha la chumba lilitazama miti. Wale 23 wengine, dirisha lilitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walirudi kwao mapema kidogo. Tofauti haikufika siku moja, lakini ilikuwapo. Tena walihitaji kwa uchache dawa kali za kutuliza maumivu.

Dirisha si televisheni, najua. Kwa hiyo kama chumba chako kinatazama mwembe au bahari, fungua pazia kwanza. Mwembe hautumii umeme. Lakini kama dirisha linatazama ukuta wa jirani, basi televisheni yaweza kuwa dirisha la pili, ikiwa utaichagulia kitu cha kutazama.

Watu wa Norwei wanatupa mfano mzuri. Tarehe 27 Novemba 2009, shirika lao la utangazaji, NRK, lilionyesha safari ya gari moshi kutoka mji wa Bergen mpaka Oslo, kwa kuadhimisha miaka 100 ya reli ile. Kipindi kilichukua zaidi ya saa 7. Ndani yake mtazamaji aliona reli, milima, theluji, mahandaki na vituo, basi. Wakubwa wengine wangesema nani atatazama jambo kama hilo? Watu zaidi ya milioni moja walitazama, wengine sehemu, wengine yote. Mwaka 2011 wakafanya tena kwa meli iliyopita pwani yao, saa 134, mchana na usiku. Vipindi hivyo havikutengenezwa kwa ajili ya wagonjwa. Lakini tazama vinavyomfaa mgonjwa! Akisinzia nusu saa, akizinduka gari moshi lingali linakwenda, naye hakupoteza kitu. Hana haja ya kuuliza nani kamwua nani.

Hapo ndipo zinaposhindwa zile tamthilia ndefu za ng'ambo zinazosemwa kwa Kiswahili, ambazo wengi wetu tunazipenda. Ukikosa siku moja umepotea, na karibu kila siku kuna mtu analia. Mwenye nguvu azitazame. Mwenye homa zitamchosha kichwa. Filamu za wanyama wa mbugani ni nzuri, ila mwenye kuuguza azitazame kwanza mwenyewe. Nimewahi kuona filamu iliyoanza na twiga wakila majani kwa amani, ikaishia kwa simba na swala, na damu tele.

Mtoto mgonjwa naye ana chake. Mwaka 2006 madaktari wa Italia walieleza habari za watoto 69, wa umri wa miaka 7 mpaka 12, waliotolewa damu kwa sindano. Waliokuwa wanatazama katuni waliona maumivu machache kuliko waliobembelezwa na mama zao. Mama usivunjike moyo kwa kusikia haya. Mtoto bado anakutaka karibu. Ila ukimpeleka mwanao kuchomwa sindano, na simu yako ina katuni aliyoizoea, mwekee kabla sindano haijaonekana. Katuni za Kiswahili zipo. Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, hufundisha hesabu kwa nyimbo na hadithi, na watoto wengi wanazijua nyimbo zake.

Nimeitaja simu kwa sababu najua si kila nyumba ina televisheni. Tanzania Bara yenyewe haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na nilipokuwa mtoto mtaa wetu wote ulitazama katika nyumba moja, wengine tukichungulia dirishani. Simu hutosha, lakini mgonjwa asiishike mkononi, maana mkono mnyonge huchoka upesi. Isimamishe juu ya mto, imwelekee. Redio nayo hutosha, ikiwa sauti ni ndogo.

Juu ya sauti, kipimo chake ni rahisi. Sema na mgonjwa kwa sauti ya kawaida huku televisheni inasema. Kama imekulazimu kupaza sauti, televisheni ni kubwa mno, punguza. Usiku izime, hata kama mgonjwa anasema haimsumbui, kwa kuwa mwanga na maneno huukata usingizi, na usingizi ni sehemu ya kupona. Na rimoti ikae mkononi mwa mgonjwa. Isikae kwa mtoto, wala kwa mgeni, wala kwa mwenye nyumba. Mgonjwa asipoweza kubonyeza, mkubaliane ishara ya mkono: kidole kimoja ni kubadilisha, viwili ni kuzima.

Jambo moja zito nisilisahau. Mgonjwa akisema mwanga wa televisheni unamwumiza macho, tena ana homa, kichwa kinamwuma sana, na shingo imekakamaa hata hawezi kuinamisha kidevu kifuani, usifikiri ni uchovu wa kutazama. Huenda ni ugonjwa wa uti wa mgongo, unaoweza kuua upesi. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, mpeleke hospitali.

Mtaniuliza, je, shangazi alitazama nini mwishowe? Siku ya nne nilimwuliza, kama ilivyonipasa kufanya tangu siku ya kwanza. Alisema anataka mkanda wa harusi ya binti yake. Tukautafuta, tukaupata kwa mjomba, umejaa vumbi. Akautazama kwa sauti ndogo, siku nne mfululizo. Alijua nani ataingia ukumbini, nani atakosea kucheza, na wapi mshereheshaji atasahau jina la bwana harusi. Walikuwamo humo ndugu wawili ambao wamekwisha kufariki, nao walikuwa wanakula pilau na kucheka. Akisinzia, tulimwacha. Akiamka, alisema, "Tumefika wapi? Keki bado?" Sisi tulichoka na harusi ile kuliko nilivyowahi kuchoka na kitu chochote. Tukavumilia.

Kazi ya darasa ni hii. Kila mmoja wenu, akifika nyumbani leo, amwulize mtu mmoja: ukiugua, ungependa kutazama nini au kusikiliza nini? Jibu liandikwe katika daftari kwa sentensi mbili, na jina la kipindi lianze kwa herufi kubwa. Mwalimu atayasoma mbele ya darasa. Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya kumgeuza mgonjwa kitandani ili asipate vidonda. Njoni na mto mmoja na shuka moja. Kwa herini.