Mikwaruzo ya Gari: Ni Mkono wa Mfanyakazi au ni Mashine?



Jambo tunaloliandika leo lilianza na kijana mmoja aliyefika ofisini kwetu Mbarara asubuhi ya Jumatatu, suruali yake bado imelowa maji. Yeye ni mkazi wa Nakivale. Alikuja Uganda kutoka Kongo pamoja na wazazi wake, na kazi yake ni kuosha magari katika uwanja mmoja hapa mjini. Alituambia hivi: "Wazee wangu, nimekatwa nusu ya mshahara wa mwezi. Wanasema nimeharibu rangi ya gari la mkubwa wa shamba la chai. Mkubwa mwenyewe anasema kama angeliosha kwa mashine, kama zile alizoziona Dubai, lisingekwaruzwa hata kidogo. Je, ni kweli?"

Hatukuwa na jibu. Sisi tunajua habari za mishahara, likizo na mapatano ya kazi. Habari za rangi ya gari hatukufundishwa. Lakini tuliona kwamba jambo hili si la kijana huyu peke yake. Madereva wa malori ya maziwa, matingo wao, na madereva wa pikapu katika mashamba, wote huamriwa kuosha gari kabla ya safari ya asubuhi. Siku rangi ikionekana imefifia, hao ndio wa kwanza kuitwa mbele ya tajiri. Kwa hiyo tulikwenda kumwuliza fundi wa rangi, mzee aliyepiga rangi magari tangu ujana wake, naye alituweka chini nusu ya siku nzima.

Alianza kwa kutuonyesha mlango wa gari uliokatwa. Rangi ya gari si kitu kimoja. Juu ya bati kuna dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, nyekundu au nyeupe. Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 kuna tabaka moja zaidi juu ya yote, ambalo halina rangi, linang'aa kama kioo. Mafundi huliita klia. Ukijumlisha matabaka yote, unene wake ni kama karatasi moja ya daftari, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Klia peke yake ni nusu ya hapo au pungufu. Katika hiyo nusu ya karatasi ndimo uzuri wote wa gari unamokaa.

Mwanga wa jua ukiangukia klia iliyo laini hurudi sawasawa, kama kwenye kioo cha kujitazamia. Ukiangukia klia yenye mikwaruzo hutawanyika huku na huku, na hapo ndipo watu husema gari limechakaa. Gari jeusi huonyesha upesi kuliko jeupe. Tena tusidanganyike na polishi: fundi anapoipiga kwa mashine yake hajazi mikwaruzo, bali anaisaga klia yote mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Kila mara klia inapungua. Mzee alisema gari haliwezi kufanyiwa hivyo mara nyingi, maana mwisho wake utafika kwenye rangi yenyewe.

Sasa, ni kitu gani hasa kinachokwaruza? Wengi wetu tulidhani ni brashi, au ni mkono mzito. Mzee alicheka, akachota vumbi jekundu la njia mlangoni kwake akalisugua kati ya vidole. "Hili ndilo," alisema. Wataalamu wa mawe wana kipimo cha ugumu kinachoanzia 1 mpaka 10, na almasi ndiyo iliyo na 10. Chembe za mchanga wa kawaida zina 7. Kisu cha chuma mara nyingi hakifiki 6. Ikiwa mchanga unaweza kukikwaruza kisu, klia itafanya nini? Gari linalotoka mashambani, au linalokuja Mbarara kutoka Nakivale wakati wa kiangazi, limebeba vumbi kila mahali. Ukipitisha kitambaa juu yake kabla ya kumwaga maji ya kutosha, kitambaa hicho ni msasa. Hata kiwe laini namna gani, ni msasa.

Na mashine nayo? Watu wengi wanadhani mashine ya kuoshea magari ni uchawi fulani wa Ulaya. Mwaka 1914 mjini Detroit, Marekani, palifunguliwa mahali pa kuoshea magari palipopewa jina la kujiendesha, lakini huko magari yalisukumwa na watu kwa mikono kutoka kituo hadi kituo, huyu akipaka sabuni, yule akisuuza. (Matajiri wa huko nao walipenda kuisifu mashine huku mtu ndiye anayetoka jasho.) Mashine yenye brashi kubwa zinazozunguka juu na kandokando ya gari lililosimama ilitoka Ujerumani, watu wawili wa mji wa Augsburg waliisajili mwaka 1962. Brashi zile za kwanza zilikuwa za plastiki, ngumu, na ziliacha alama. Baadaye zikaja za vitambaa, na baada yake za sponji isiyonyonya maji wala kushika mchanga kwa urahisi.

Hizi za leo ni nafuu kuliko zile za zamani. Lakini brashi haina macho. Ikisha kuosha lori lililotoka kwenye matope, hubaki na mchanga wake, na gari linalofuata hulipokea. Tena mashine nyingi huchuja maji yaleyale na kuyatumia mara ya pili. Kichujio kikiwa kichafu, gari linaoshwa kwa maji yenye mchanga. Basi usalama wa mashine unategemea mtu anayeitunza: je, anaosha brashi, je, anabadilisha zilizochakaa, je, anamwagia gari maji ya nguvu kwanza kabla brashi hazijagusa? Asipofanya hayo, mashine hukwaruza kuliko mkono, kwa sababu huzunguka mara nyingi na kwa kasi.

Iko namna nyingine ya mashine ambayo haigusi gari kabisa, hurusha maji na sabuni tu. Hiyo haikwaruzi. Hata hivyo, kwa kuwa haisugui, inalazimika kutumia dawa kali ili uchafu utoke, na dawa hiyo huondoa nta inayolinda rangi. Mara nyingi gari hutoka bado lina utando mwembamba wa vumbi. Na kwa gari lililopigwa rangi upya mtaani, ambalo rangi yake haikushika vizuri, maji ya nguvu yakisogezwa karibu yanaweza kuibandua. Jambo hili linatuhusu hata sisi tusio na mashine kubwa, kwa sababu zile pampu za maji ya nguvu tulizo nazo katika viwanja vyetu zinaweza kufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo jibu la mzee kwa kijana wetu lilikuwa hili: mashine inayotunzwa ni bora kuliko mkono mbaya, na mkono mzuri ni bora kuliko mashine zote. Mkubwa wa shamba alikosea aliposema kwamba mashine haikwaruzi hata kidogo.

Lakini kesi yetu ilikuwa bado. Je, lile gari lilikwaruzwa na nani? Dereva wa mkubwa ni mwanachama wetu, akaomba ruhusa akalileta kwa fundi jioni. Mzee alingoja giza liingie, kisha akawasha tochi na kuishika karibu na boneti. Tukaona mambo ambayo mchana hatukuyaona. Juu ya boneti na juu ya paa kulikuwa na mistari mirefu, mamia kwa mamia, yote imenyooka kutoka mbele kwenda nyuma kama imepigwa kwa rula. Mzee akamwambia kijana wetu asimame kando ya gari anyooshe mkono juu ya paa. Mkono wake ukafika katikati tu. "Mwambieni achore mstari mmoja ulionyooka kutoka kioo cha mbele mpaka cha nyuma," alisema. Hakuna aliyecheka zaidi ya dereva.

Brashi ya mashine huzunguka kuelekea urefu wa gari, ndiyo sababu alama zake hunyooka. Mkono wa mtu huzungusha, kwa hiyo alama zake ni za kupinda, kama utando wa buibui. Sasa wenyewe mnajua kwamba magari mengi ya hapa Uganda huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Huko Japani vituo vingi vya petroli vina mashine za brashi. Gari la mkubwa huyo ni la namna hiyo. Limekaa miaka mingi huko, likioshwa, kabla ya kijana huyu kulitia mkono. Ile mashine inayosifiwa ndiyo iliyoacha alama, na mfanyakazi ndiye aliyelipishwa.

Hatutaficha upande wa pili. Kando ya tochi, katika mlango wa dereva, tuliona pia alama za kupinda, nyingine mpya. Tukamwuliza kijana wetu anaoshaje. Akajibu kwamba ana ndoo moja na kitambaa kimoja, na kitambaa kikianguka chini hukiokota akaendelea, maana magari ni mengi na msimamizi anapiga kelele. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akamwonyesha namna ya kufanya, nasi tunaieleza hapa kwa sababu madereva wengi wametuomba.

Kwanza usiguse gari. Mwagia maji mengi kutoka juu kwenda chini, mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Kama kuna matope yaliyokauka, yaache yalowe. Uwe na ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Mchanga utazama katika hiyo ndoo ya pili badala ya kurudi kwenye rangi. Anza na paa, malizia na sehemu za chini na magurudumu, na kitambaa cha magurudumu kisiguse mwili wa gari kamwe. Pitisha mkono moja kwa moja bila kuzungusha. Kilichoanguka chini hakirudi juu ya gari mpaka kioshwe. Sabuni ya unga ya nguo ni kali, huondoa nta; ukiweza, tumia sabuni ya magari. Usioshe boneti ikiwa bado ya moto au jua likiwa kali, sabuni itakauka na kuacha madoa. Kinyesi cha ndege kiondoe siku hiyohiyo, kwa kukilowesha, si kwa kukikwangua. Na ile desturi ya kupaka mafuta ya taa au dizeli ili gari ling'ae, tuiache. Mafuta hayo hunasa vumbi, na kesho yake utasugua vumbi hilo.

Kuhusu maji yenyewe, liko neno. Wenzetu wengine wamezoea kupeleka magari ukingoni mwa mto Rwizi. Maji ya mto huo, hasa wakati wa mvua, ni ya matope, na tumekwisha kusema matope hufanya nini. Tena kanuni za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito zimeutaja Rwizi kwa jina, na zimeweka mita 100 kutoka ukingoni kuwa eneo la hifadhi; anayekamatwa na kushtakiwa huwa ni mwoshaji, mwenye gari huondoka zake. Na mto huu hauishii darajani. Unatoka milima ya Buhweju, unapita Mbarara, unakwenda kwenye maziwa na mabwawa ya upande wa Mburo na Nakivale, mpaka Kagera na ziwa Victoria. Kijana wetu alipoelezwa njia ya mto alinyamaza, kwa maana maji ya kunywa ya kwao hutekwa katika ziwa Nakivale.

Tulipokuwa na hayo yote mkononi tulimwendea mwenye uwanja. Mwanzo alituambia kwamba kijana ni mkimbizi na chama hakimhusu. Tukamjibu kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, na Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo haikumpa mwajiri ruhusa ya kukata mshahara apendavyo, awe anayekatwa ni mwenyeji au mgeni. Kisha akatutisha kwamba atanunua mashine na kuwafukuza wote. Hapo hatukubishana sana. Tulimwuliza tu umeme wa kuiendesha utatoka wapi siku za kukatika, na brashi mpya ataagiza kwa nani, na kichujio atakisafisha yeye mwenyewe au atatafuta mtu.

Fedha zote zilirudishwa Ijumaa ile, mbele ya karani, na kijana akatia sahihi. Tuliomba pia kila mwoshaji apewe ndoo ya pili na vitambaa vitatu, na maji ya pampu yatangulie kabla ya mkono. Vitambaa vimeletwa. Ndoo bado hatujaziona, na tutakwenda tena Jumanne kuziulizia.